Risasi Haiwezi Kuitwa Rehema

Kuna kitabu kidogo cha Kimarekani ambacho kwa miaka mingi kimesomwa na vijana shuleni katika nchi zinazofundisha fasihi kwa Kiingereza. Wengi wanaofika ukurasa wa mwisho hutoa hukumu ile ile. Mtu amempiga rafiki yake risasi ya kisogo, na wasomaji, huku wakifuta machozi, husema: alifanya vema, alimpenda, hakuna rafiki angeweza kutenda zaidi ya hapo. Kitabu ni Of Mice and Men cha John Steinbeck, kilichotoka mwaka 1937. Aliyeua ni George Milton. Aliyeuawa ni Lennie Small, mtu mwenye mwili wa jitu na akili ya mtoto mdogo.

Sisi tunaikataa hukumu hiyo. George hatumchukii, tunamhurumia, na tutaeleza kwa nini. Lakini hukumu hiyo imepanda katika mioyo ya watu wema fundisho baya, kwamba upo wakati ambapo kumpenda mtu dhaifu ni kumwondoa duniani. Fundisho hilo haliishii kitabuni. Leo limo katika sheria za mataifa, na limo pia katika maneno tunayoyasema vitandani pa wagonjwa. Kwa hiyo inafaa tulijadili pale linapopendeza zaidi, yaani katika hadithi ya marafiki wawili waliopendana kweli.

Kwa wasiokisoma, kisa chenyewe ni hiki. George na Lennie ni vibarua katika jimbo la California, wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930. Wanahama shamba hadi shamba, mablanketi yao mgongoni. Shangazi Clara aliyemlea Lennie alipofariki, George ndiye aliyemchukua. Lennie anapenda kupapasa vitu laini: panya, kitoto cha mbwa, kitambaa cha gauni. Mikono yake ina nguvu kuliko akili yake, kwa hiyo anachokipapasa mara nyingi hufa. Wamekimbia mji wa Weed kwa sababu alishika gauni la msichana akashindwa kuliachia. Wanafika kwenye ranchi moja karibu na mji wa Soledad, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni upweke. Wanayo ndoto: kupata kishamba chao wenyewe, chenye nyumba ndogo na kuku, na Lennie awe mlisha sungura. Mzee Candy, mfagiaji aliyepoteza mkono kazini, anajitolea kuchangia akiba yake, na kwa siku chache ndoto inakaribia kuwa kweli.

Kisha inafika Jumapili mchana. Wanaume wako nje wakicheza. Curley, mtoto wa mwenye ranchi, ana mke kijana asiye na mtu wa kuzungumza naye. Mwanamke huyo anamkuta Lennie peke yake ghalani, anamruhusu ashike nywele zake. Lennie anashika kwa nguvu, mwanamke anapiga kelele, Lennie anaingiwa na hofu, anamtikisa ili anyamaze, na shingo inavunjika. Lennie anakimbilia mtoni, mahali George alipomwagiza ajifiche ikitokea shida. Wanaume wanabeba bunduki. George anatangulia kufika. Anamwambia Lennie atazame ng'ambo ya mto, anamsimulia kwa mara ya mwisho habari za shamba na sungura, kisha anafyatua bastola.

Wanaomtetea George wana hoja tatu, na si hoja za watu wajinga. Ya kwanza: Curley alikuwa anakuja na bunduki, akiwa ameapa kumpiga Lennie risasi ya tumbo, afadhali kifo cha ghafla mikononi mwa rafiki kuliko kifo cha mateso mikononi mwa adui. Ya pili: hata kama angefika polisi, Lennie angefungiwa kama mnyama, na maisha ya namna hiyo ni mabaya kuliko kifo. Ya tatu: alikufa akiwa na furaha, akiona sungura zake, bila kujua lolote. Tuzipime moja moja.

Tuanze na ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayowatoa watu machozi. Lennie hakuomba kufa. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na maumivu, hakuwa amechoka na maisha. Alitaka sungura. Dakika ile ya mwisho alikuwa anamhimiza George waende wakalipate shamba lao. Yaani alifyatuliwa risasi mtu ambaye hamu yake ya kuishi ilikuwa imewaka kuliko wakati mwingine wowote katika kitabu chote, na aliyeiwasha ndiye aliyemwua. Wanaosema kwamba kutojua kwake kulikuwa neema, wafikirie wanasema nini. Kumdanganya mtu ili asigundue kwamba anauawa kunampunguzia hofu, ni kweli. Lakini hakuwezi kugeuza kuuawa kwake kuwa zawadi aliyoipokea. Zawadi hupokelewa. Lennie hakuulizwa.

Na kwa nini hakuulizwa? Jibu limo katika kisa cha mbwa. Siku mbili kabla, usiku, wakiwa bwenini, kibarua aitwaye Carlson alianza kulalamika kwamba mbwa mzee wa Candy ananuka. Hiyo ndiyo sababu iliyotangulia: harufu inawasumbua wengine. Sababu ya pili, kwamba mbwa anateseka, ilikuja baadaye kuipamba ile ya kwanza. Candy aliomba, akajitetea, akatafuta jicho la kumsaidia. Jicho alilolitafuta lilikuwa la Slim, mwendesha nyumbu ambaye neno lake lilikuwa sheria pale ranchini, na Slim akaunga mkono mbwa auawe. Slim huyo huyo alikuwa amezamisha vitoto vinne vya mbwa wake kwa sababu mama yao asingeweza kuwanyonyesha wote tisa. Carlson akamtoa mbwa nje kwa kamba, akaeleza mahali pa kulenga, nyuma ya kichwa, ili asihisi kitu. Baadaye Candy alimwambia George kwamba alipaswa kumwua mbwa wake mwenyewe, asingemwachia mtu baki.

George alilishika neno hilo. Alikwenda mtoni na bastola ya Carlson, ile ile, akalenga pale pale. Watetezi wake wanaona hapo uzuri wa hadithi: yeye hakumwachia mtu baki. Sisi tunaona msiba wake. Katika ranchi ile jambo lililohusu mbwa limehamishiwa kwa mtu bila neno moja kubadilika. Mbwa haulizwi kama anataka kuishi, ndiyo maana Lennie naye hakuulizwa. Anayesema kwamba George alimtendea Lennie wema ambao Candy hakumtendea mbwa wake, amekwisha kukubali, bila kujua, kwamba Lennie alikuwa mbwa.

Mzee Candy mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko wasomaji wengi. Aliposikia habari za kishamba, aliomba aingie kwa sababu alijua zamu yake inakuja. Mkono mmoja hana, nguvu zinakwisha, na ranchi itamtoa kama ilivyomtoa mbwa wake. Alisema hata yeye angetamani apigwe risasi siku atakapokuwa hafai. Huo ndio mwisho wa njia ile. Ukikubali kwamba uhai hupimwa kwa manufaa, aliye dhaifu hujifunza kujihesabu mwenyewe kuwa mzigo, na huanza kuomba kile ambacho wenye nguvu wanataka kumpa.

Sasa tuitazame hoja ya kwanza na ya pili, kwamba hapakuwa na njia nyingine. Kitabu chenyewe kinaipinga. Mtu alikuwa ametumwa Soledad kumleta naibu sherifu. Wazo la kwanza la George, alipouona mwili wa mwanamke yule, lilikuwa kwamba Lennie akamatwe na kufungwa, na huenda huko akatendewa wema. Ni Slim aliyemtoa katika wazo hilo kwa kumchorea picha ya kizimba na mikanda ya kumfunga. Slim! Mtu pekee ambaye angeweza kusimama mlangoni mwa ghala na kusema hakuna atakayeuawa leo, na ambaye wanaume wale wangemtii. Hakusema. Alichukua nafasi yake katika msako. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba George alikuwa na njia mbili tu, Curley au yeye mwenyewe, tuulize ni nani aliyezifunga njia nyingine. Hazikufungwa na Mungu. Zilifungwa na watu wazima wenye akili timamu ambao kila mmoja angeweza kufanya jambo dogo na hakulifanya.

Tena liko jambo ambalo Steinbeck mwenyewe alilisema. Katika mahojiano na gazeti la New York Times mwaka 1937, alieleza kwamba Lennie alikuwa mtu wa kweli. Aliwahi kufanya naye kazi kwa wiki nyingi. Mtu huyo hakuua mwanamke, aliua msimamizi wa shamba. Na wakati Steinbeck anazungumza, mtu huyo alikuwa hai, katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko California. Hatudai kwamba hospitali za namna hiyo zilikuwa mahali pazuri katika miaka ile. Tunachosema ni kwamba Lennie halisi aliua, akakamatwa, akazuiliwa asidhuru wengine, na akaendelea kuvuta pumzi ya Mungu. Njia ambayo wasomaji wanaapa kwamba haikuwepo, ilikuwepo, na mtunzi aliijua. Alichagua kuifunga ndani ya hadithi kwa sababu alikuwa anaandika msiba. Sisi tusiuchukue msiba tukaufanya mafundisho.

Hapa tusimsahau yule mwanamke. Kitabu hakimpi hata jina. Ni mke wa Curley tu, na katika mijadala mingi juu ya kifo cha huruma yeye huachwa amelala kwenye nyasi kama kwamba kufa kwake ni sababu tu ya kifo kingine. Alikuwa mtu. Damu yake ilidai haki, na jamii ilikuwa na wajibu wa kumzuia Lennie asirudie. Lakini kumzuia mtu na kumwua ni mambo mawili. Na katika tukio lile la mtoni hakuna haki iliyotendeka kwa ajili yake: hapakuwa na hakimu, hapakuwa na ushahidi, hapakuwa na aliyelitaja jina lake mbele za watu. Yalikuwepo machozi ya wanaume na uongo wa George, ambaye aliwaacha wenzake waamini kwamba Lennie ndiye aliyekuwa na bastola na kwamba yeye alimnyang'anya. Tendo la rehema lisiloweza kusemwa waziwazi hata kwa waliokuwa tayari kuua, lina kasoro ndani yake.

Twende kwenye Maandiko, maana kisa hiki kimo humo karibu kama kilivyo. Mfalme Sauli, akiwa amejeruhiwa vitani mlimani Gilboa, alimwomba mchukua silaha wake amwue. Sababu aliyoitoa ni ile ile ya watetezi wa George: adui wasije wakamfanyia mzaha na mateso. Mchukua silaha alikataa, aliogopa sana. Baadaye kijana Mwamaleki alimwendea Daudi akidai kwamba yeye alimkuta Sauli taabani, akaombwa ammalizie, naye akammalizia. Alitazamia shukrani. Daudi, aliyekuwa amewindwa na Sauli kwa miaka, alirarua nguo zake akalia, kisha akamhukumu yule kijana kama muuaji. Hakuikubali hoja ya mateso, wala hoja kwamba mfalme aliomba mwenyewe, wala hoja kwamba angekufa tu.

Mtu atasema: hilo lilihusu mpakwa mafuta wa Bwana, Lennie hakuwa mfalme. Tunajibu kwa kitabu cha Mwanzo. Baada ya gharika, Mungu alipokataza kumwaga damu ya mwanadamu alitoa sababu moja, nayo haihusu cheo: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wake. Hakutaja akili, wala uwezo wa kukumbuka, wala uwezo wa kujilisha. Mfano wa Mungu ndani ya Lennie haukuwa nusu kwa sababu akili yake ilikuwa ya mtoto. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, wakitufundisha tusimcheke mwenye ulemavu, kwa maana hakuna ajuaye atakavyokuwa kesho. Imani inakwenda mbele zaidi: huyo mwenye ulemavu tayari ameumbwa, na aliyemwumba hajatoa ruhusa ya kumfuta.

Na kama tunataka mfano wa urafiki, tuwatazame wale watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza huko Kapernaumu. Mlango ulizibwa na watu. Nao waliambiwa na hali halisi kwamba hakuna njia. Wakapanda juu, wakabomoa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Marafiki wa kweli walipokosa mlango walitafuta paa. Lakini tuone pia kwamba walikuwa wanne. George alikuwa peke yake, na hapo ndipo tunapomhurumia. Kitanda cha watu wanne alikibeba mtu mmoja kwa miaka, akihama naye shamba hadi shamba, huku kila mwajiri akimwuliza ana faida gani kusafiri na mtu wa namna ile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wasioubeba huuona mwepesi. Hatusemi kwamba mzigo wa George ulikuwa mwepesi. Tunasema kwamba walioshindwa kumsaidia kuubeba hawana haki ya kumsifu alipoutua kwa risasi.

Ndiyo maana maneno ya Slim mwishoni, yanayosifiwa kuwa ya faraja, sisi tunayaona kuwa ukatili usiojijua. Anamwambia George kwamba ilimlazimu. Basi. Twende tukanywe. Mwenye kulazimika hana kosa, na asiye na kosa hana cha kusamehewa. George anaondoka mtoni akiwa na damu ya rafiki yake na akiwa amenyimwa kitu pekee ambacho kingeweza kumwosha. Kanisa lingefanya vingine. Lingemshika mkono na kumwambia ukweli: umemwua ndugu yako, hofu ilikushinda, walimwengu walikuacha, na Mungu anajua yote hayo, njoo utubu, upo msamaha. Kaini mwenyewe, baada ya kumwua Abeli, aliwekewa alama ili asiuawe. Msamaha wa namna hiyo ni mkubwa kuliko udhuru, kwa sababu unamtazama mtu na tendo lake usoni. Wanaomtetea George wanadhani wanampenda kuliko sisi. Wamemwachia udhuru tu.

Tena wanapitwa na jambo ambalo kitabu kimelionyesha wazi. Kabla hata ya kwenda mtoni, George anamwambia Candy kwamba shamba halipo tena. Atafanya kazi mwezi mzima, atachukua dola zake 50, atazimaliza kwa wanawake na pombe kama vibarua wengine. Kwa nini? Akiba ya Candy bado ipo. Bei ya shamba haijapanda. Wawili hao wangeweza kulipata. Lakini ndoto ilikuwa imebebwa na Lennie. Ni yeye aliyeomba isimuliwe kila jioni, ni yeye aliyeiamini bila kuchoka, na George aliiamini kwa kuwa alilazimika kumsimulia. Aliyeonekana kuwa mzigo ndiye aliyekuwa anambeba mwenzake. Wazazi wengi wenye watoto wenye ulemavu wa akili watalielewa hili bila kufundishwa. Dunia inahesabu gharama za mtoto yule. Haihesabu nyumba nzima inayosimama kwa ajili yake.

Wapo watakaotuambia kwamba tunaipa hadithi uzito kupita kiasi. Tuitazame basi historia. California ya Lennie ilikuwa na sheria tangu mwaka 1909 iliyoruhusu watu wenye ulemavu wa akili na wagonjwa wa akili kufungwa uzazi, na watu wapatao 20,000 walifanyiwa hivyo kabla sheria ile haijafutwa mwaka 1979. Ujerumani, mwaka 1920, mwanasheria Karl Binding na daktari Alfred Hoche walichapisha kitabu wakitetea kuondolewa kwa maisha waliyoyaita yasiyostahili kuishiwa. Mwaka 1939, miaka miwili tu baada ya Of Mice and Men, Hitler alitia saini waraka ulioruhusu madaktari kuwaua wagonjwa wasiotibika. Neno lililotumika katika waraka ule kwa Kijerumani maana yake ni kifo cha rehema. Kufikia Agosti 1941 watu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa, wengi wao kwa gesi, na wengi wao walikuwa akina Lennie. Tarehe 3 mwezi huo Askofu Clemens August von Galen wa Münster alisimama mimbarani akauliza kama watu ni mashine chakavu au ng'ombe asiyetoa maziwa tena, na nani atakuwa salama siku atakapozeeka. Serikali ilisitisha mpango ule rasmi, ingawa mauaji yaliendelea kwa siri. Hatusemi kwamba msomaji anayemlilia George ni sawa na madaktari wale. Tunasema kwamba neno rehema lilikwisha kutumika kufunika kaburi, na kwamba mtu mwangalifu halitumii tena ovyo.

Jina la Lennie lenyewe limeingia mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya juu ya rufaa za jinai ya Texas, ikitafuta namna ya kuamua ni wafungwa gani wenye ulemavu wa akili wasinyongwe, ilimtaja Lennie kama kipimo: aliye kama yeye huenda wengi wangekubali asiuawe. Asiyefanana naye vya kutosha aliweza kuuawa. Thomas Steinbeck, mtoto wa mtunzi, alilalamika hadharani mwaka 2012 kwamba baba yake hakuandika kitabu kwa kazi hiyo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani ikavikataa vigezo vile vya Texas. Tazama kejeli yake. Majaji wa jimbo lenye adhabu ya kifo walidhani ni dhahiri kwamba Lennie hastahili kuuawa. Wasomaji wapole ndio wanaodhani kwamba alistahili kuuawa, mradi aliyemwua awe rafiki.

Leo sheria zimekwenda mbali. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu madaktari kuwaua wagonjwa wanaoomba, mwaka 2002. Ubelgiji ikapanua ruhusa hiyo hadi kwa watoto mwaka 2014. Canada iliruhusu mwaka 2016, na mwaka 2021 ikawafungulia mlango hata wagonjwa na walemavu ambao kifo chao hakiko karibu. Kila hatua ilitetewa kwa neno huruma, na kila mara mpaka uliowekwa jana umesogezwa leo. Njia ya Candy ni hiyo hiyo: kwanza mbwa, kisha Lennie, kisha mzee mwenye mkono mmoja anaomba mwenyewe.

Je, tunawaambia wanaoteseka wavumilie tu? Hapana. Kanisa halifundishi kwamba lazima mtu abanwe na mashine hadi pumzi ya mwisho. Mgonjwa anayekaribia kufa anaweza kukataa tiba isiyomsaidia, na dawa ya kutuliza maumivu apewe hata kama inamlegeza. Kuacha kifo kije na kukileta kwa mkono ni mambo mawili tofauti. Jibu la Kikristo kwa maumivu limekwisha kuonekana kwa macho. Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967, kwa ajili ya kuwahudumia wanaokufa bila kuwaua. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji, dawa ya bei nafuu inayonywewa nyumbani, ikawafikia wagonjwa wa saratani ambao wangelia hadi kufa. Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Nchi yenye fedha chache ilitafuta paa pale mlango ulipozibwa. Hiyo ndiyo tiba shufaa, na hiyo ndiyo rehema: inakaa na mgonjwa.

Lakini tusijifiche nyuma ya hospitali. Ndugu msomaji, kuna neno linalosemwa katika nyumba zetu, tena na waumini. Mtoto mwenye ulemavu wa akili akiugua, au mzee aliyepotelewa na kumbukumbu akilala miezi sita, majirani wanakuja kumwona, na mlangoni wanamnong'oneza mama: Mungu amchukue tu, apumzike. Wanadhani wamefariji. Mama yule hakuchoka na mwanawe. Amechoka na usiku. Amechoka kufua mashuka peke yake, kumwinua mtu mzima peke yake, kukosa ibada Jumapili tatu kwa sababu hakuna wa kumwachia. Anayemtakia mwanawe kifo amemtimizia kazi ya Slim. Anayemwambia, mama, nenda kanisani, leo nitakaa naye mimi, ameshika pembe moja ya kitanda.

Tunalitaka kila kanisa lifanye jambo moja lisilohitaji bajeti. Wahesabiwe watu wa namna hiyo katika mtaa, wajulikane kwa majina, na iwekwe zamu ya watu wanne kwa kila nyumba. Watatu wakishindwa, mmoja atakuwepo. Wala wasifichwe chumbani wageni wakija. Waletwe ibadani, wapewe viti vya mbele, wakipiga kelele waachwe wapige. Jamii iliyozoea kumwona Lennie Jumapili haitakuwa na haraka ya kumsaka na bunduki siku atakapokosea, na rafiki yake hatalazimika kutembea mtoni peke yake.

Steinbeck alifunga kitabu chake kwa kumwacha Carlson amesimama, akiwatazama Slim na George wakiondoka, asielewe wale wawili wana huzuni gani. Bastola yake imetumika mara mbili, na mara zote mbili kazi imefanyika vizuri. Wasomaji humcheka Carlson. Lakini Carlson ndiye anayeiamini kwa moyo wote ile kanuni wanayoisifu: alichoanza kuonea adha kimeondolewa, haraka, bila maumivu, na mtu anayekijua. Asiyetaka kusimama pamoja naye ukingoni mwa mto ule, aikatae kanuni yake, hata inapotamkwa na mtu mwenye machozi.